Je, wajua kwa nini mbwa aina ya Whippet ni mdogo na bado anakimbia kilomita 56 kwa saa?

Ukimwona Whippet amejikunja kwenye kochi, mbavu zinahesabika, tumbo limeingia ndani na miguu ni myembamba, unaweza kudhani ana njaa. Mpeleke kwenye uwanja mpana, aone kitu kinakimbia. Baada ya hatua chache tu anakaribia kilomita 56 kwa saa. Na huyu ni mbwa ambaye, kwa vipimo vya Uingereza alikotokea, urefu wake hadi begani hauzidi sentimita 51, wakati Greyhound dume, ndugu yake mkubwa, hufika 71 hadi 76. Nani alitaka mbio za Greyhound ndani ya mwili mdogo hivi, na kwa nini? Jibu liko kwa watu waliomfuga: hawakuwa na ardhi, walibanana katika nyumba ndogo, na kila peni ilikuwa na kazi yake.

Kwa muda mrefu uwindaji Uingereza ulikuwa haki ya wenye mashamba. Sheria ya mwaka 1671 ilitaka mwindaji awe na ardhi inayomwingizia walau pauni 100 kwa mwaka, na mtu wa kawaida asiyefikia kiwango hicho alikatazwa hata kumiliki Greyhound. Masharti hayo yaliondolewa mwaka 1831. Kipindi hicho majimbo ya kaskazini, Lancashire, Yorkshire, Durham na Northumberland, yalikuwa yanajaa wachimbaji wa makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Sheria sasa iliwaruhusu kuwa na mbwa wa mbio, ila hali haikuruhusu. Greyhound wa kilo 30 na zaidi anakula sana, na katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wengi atalala wapi?

Wakatengeneza wa kwao. Walichukua Greyhound wadogo wakawapandisha na teria, mbwa wakali wa kukamata panya, na inaaminika damu ya Greyhound wa Kiitaliano, aliye mdogo zaidi, iliingia pia. Akapatikana mbwa wa kilo kumi na kitu, anayeweza kukamata sungura wa kitoweo katikati ya juma na kuingia mashindanoni siku ya mapumziko. Watu wakamwita farasi wa mbio wa maskini, na kwa kweli alistahili jina hilo, maana dau liliwekwa juu yake kama vile matajiri walivyoweka juu ya farasi wao.

Mashindano yenyewe hayakuhitaji uwanja wa kifahari. Njia iliyonyooka ya yadi 200, yaani mita 183 hivi, ilitosha. Kila mbwa alikuwa na mtu wa kumwachia, aliyemshika kwa mkono mmoja ngozi ya shingo na kwa mwingine shina la mkia. Mwenye mbwa alitangulia mwisho wa njia, akipunga kitambaa au taulo na kumwita mbwa wake kwa sauti yote aliyojaliwa. Bastola ikilia, yule mshikaji alimrusha mbwa mbele, naye akitua chini miguu tayari iko mbioni. Mbwa mzito alianzia nyuma zaidi ya mwepesi ili mashindano yawe ya haki. Baada ya sekunde 12 hivi yote yalikuwa yamekwisha, na mbwa ananing'inia kwenye kitambaa kwa meno.

Hapo ndipo ninapompenda zaidi mbwa huyu. Hakukuwa na windo mbele yake wala fimbo nyuma yake. Alikuwa anamkimbilia mtu wake, yule anayemlisha na kulala naye chini ya paa moja. Mbio za namna hiyo zilififia baada ya mwaka 1926, pale uwanja wa Belle Vue mjini Manchester ulipoanzisha mbio za Greyhound wakifukuza sungura wa bandia anayeendeshwa kwa umeme. Umati ukahamia huko. Whippet hakupotea lakini, kwa sababu chama cha wafugaji wa mbwa cha Uingereza kilikwishamtambua rasmi mwaka 1891, na Marekani walitangulia mwaka 1888. Katika maonyesho makubwa ya Crufts ametwaa taji la mbwa bora kuliko wote mwaka 1992, 2004, 2018 na 2025. Mbwa wa wachimba makaa!

Sasa mwili wake. Siri kubwa iko mgongoni. Uti wake hujikunja na kunyooka kwa nguvu, kiasi kwamba katika kila mzunguko wa hatua miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili: mara moja ikiwa imekusanywa chini ya tumbo, mara nyingine ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Ndivyo akimbiavyo duma wa Serengeti pia. Kifua kirefu kinabeba moyo mkubwa na mapafu mapana. Hata pua ndefu ina maana yake, kwani kwa mbwa wenye fuvu refu seli za kuonea hujipanga zaidi katika mkanda wa mlalo ndani ya jicho, mpangilio unaofaa kunasa kitu kinachokatiza mbali kwenye upeo wa macho.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza jambo jingine lililokuwa likiwashangaza wafugaji. Baadhi ya Whippet huzaliwa na misuli iliyotuna kupita kiasi, shingo nene na mapaja makubwa. Chanzo ni hitilafu kwenye jeni ya miostatini, protini inayouambia mwili usiendelee kujenga misuli. Mtoto akirithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, anakuwa pande la mbwa. Akiirithi kwa mzazi mmoja tu, misuli huongezeka kiasi, na mbwa wa namna hiyo walikutwa kwa wingi katika daraja la juu la wakimbiaji. Kumbe wafugaji waliokuwa wakipandisha washindi kwa washindi walikuwa wakiichagua hitilafu hiyo bila kuijua, kisha wanashangaa kuona katika uzao mmoja mtoto asiyefanana na wenzake.

Nyumbani ni mpole na mkimya, habweki ovyo, na hulala sehemu kubwa ya siku. Manyoya yake mafupi na mafuta kidogo mwilini humfanya asikie baridi haraka, ndiyo maana Ulaya huvalishwa koti wakati wa kipupwe na hupenda kujiingiza chini ya blanketi la mwenyewe. Ngozi yake nyembamba huchanika kirahisi kwenye miiba na seng'enge, na daktari wa mifugo hupima dawa ya usingizi kwa uangalifu zaidi kwa jamii hii ya mbwa.

Ila macho yale hayajastaafu. Paka akikatiza upande wa pili wa barabara, Whippet huchomoka kabla hujamaliza kutamka jina lake, wala gari linalokuja halimhusu. Wanaomjua humfunga kamba mitaani, na humwachia tu ndani ya uwanja wenye uzio.