Spindeli inayogoma kuanza mara mojamoja

Spindeli, yaani sehemu ya mashine inayozungusha kikatio, ikifa kabisa haisumbui sana, kwa sababu inabaki imekufa muda wote unaoipima. Kazi hasa iko kwenye ile inayoanza mara tisa na kugoma mara ya kumi: programu inasoma M3 (amri ya kuwasha spindeli), mwenye mashine anasubiri mngurumo, anasikia kimya, anatoa amri ile ile mara ya pili na spindeli inazunguka vizuri kana kwamba haijawahi kuumwa. Mashine ndogo za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, zenye hali hiyo nimeshazishughulikia nyingi, na karibu kila ninapoitwa nakuta mwenye mashine ameshabadilisha bodi au mota, akakaa siku chache bila tatizo, akaamini limekwisha, kisha likarudi. Hakukosea kwa uvivu. Amekosea kwa sababu hitilafu ya aina hii hujiponya yenyewe kwa muda, na chochote ulichokigusa siku ilipojiponya hupewa sifa ya kuwa ndiyo dawa.

Ndiyo maana kanuni yangu ya kwanza ni kwamba spindeli ikigoma, hakuna mtu kugusa kitu hadi vipimo vichukuliwe. Watu wengi hufanya kinyume: hugonga kisanduku cha umeme, hutikisa waya, huizungusha koleti (kishikio cha kikatio) kwa mkono, huzima na kuwasha. Kila mojawapo ya hayo huweza kuunganisha mguso uliokuwa umekatika, na papo hapo ushahidi umepotea, ukabaki na mashine nzima isiyokuambia lolote.

Kuna sababu nyingine ya kutogusa, nayo ni kubwa zaidi. Spindeli ambayo imeshapewa amri ya kuanza lakini haizunguki ni spindeli inayoweza kuanza sekunde yoyote, na mkono ulioko kwenye kikatio wakati huo hautapata muda wa kuondoka. Kwa hiyo natoa kikatio kabla ya kuanza uchunguzi wowote, na ninapohitaji kuishika koleti ninabonyeza swichi ya dharura, nachomoa plagi, ndipo nasogea. Kwenye mashine zenye inveta, kifaa kinachobadili umeme ili kuendesha mota, nasubiri pia kapasita (vihifadhi umeme vyake) zimalize chaji yake, kisha nahakikisha kwa multimita kwenye ncha za umeme wa moja kwa moja, kwa kuwa umeme wa volti 230 ukishanyooshwa hufika kiasi cha volti 325 na hubaki humo kwa muda baada ya plagi kuchomolewa.

Ili vipimo vichukuliwe bila kugusa chochote, maandalizi hufanyika mapema. Amri ya kuanza husafiri kwa mlolongo: kidhibiti kinasoma M3, kinatoa ishara mbili, moja ya kuruhusu mota ianze na nyingine ya kasi, ambayo kwa kawaida huwa ni volti kati ya 0 na 10, ishara hizo zinapita kwenye relei (swichi inayofungwa kwa umeme) au optokapla (kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga), zinaingia kwenye bodi ya kuendeshea mota, na bodi inatoa umeme wa mota. Mashine ikiwa imezimwa, nafunga nyaya nyembamba kwenye sehemu tatu za mlolongo huo, yaani kwenye ishara ya kuruhusu, kwenye ishara ya kasi na kwenye ncha za mota, nyaya zenye ubora wa kuhimili umeme wa mahali hapo, na ncha zake nazitoa nje ya kisanduku zikiwa zimekingwa. Kisha naandika programu fupi isiyosogeza mhimili wowote: M3 pamoja na kasi, kusubiri sekunde 5, M5 (amri ya kuzima), kusubiri sekunde 10, kurudia. Naiacha izunguke, nikiwa na daftari. Spindeli ikigoma, nasoma kwanza ncha ya katikati. Kama ishara zote mbili zimefika kwenye bodi, tatizo liko mbele, kwenye bodi au mota. Kama hazijafika, liko nyuma. Kipimo kimoja kimeondoa nusu ya mashine kwenye orodha ya watuhumiwa, jambo ambalo kubadilisha vifaa kwa kubahatisha hakuwezi kulifanya.

Mfano ulionifundisha zaidi ni wa mashine moja ndogo yenye mota ya brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), ambayo mwenyewe alikuwa ameshaibadilishia brashi na bodi ya mota, zote mpya, bila mafanikio. Katika daftari langu iligoma kwa wastani mara moja katika kila majaribio kumi. Ilipogoma nikiwa nimeshajiandaa, ishara ya kasi ilikuwepo kikamilifu, na taa ndogo ya relei ilikuwa inawaka. Mlio wa relei kubofya nilikuwa nimeusikia vizuri. Kwa mtu yeyote, hapo relei imeshatoka kwenye lawama. Lakini nilipopima volti kati ya miguso miwili ya relei ile, multimita ilisoma 11.8, wakati miguso iliyofungana inatakiwa kusoma karibu na sifuri. Chuma kilikuwa kimegusana na chuma, na umeme haupiti.

Baada ya kuandika kipimo hicho, na hapo tu, niligonga kifuniko cha relei taratibu kwa mpini wa bisibisi. Volti zilianguka hadi sifuri na spindeli ikaanza. Niliitoa relei nikaipima mezani mara 20 kwa kipimo cha omu, na kila mara ilionyesha chini ya omu 1, yaani relei nzima isiyo na dosari. Ningeanza na kipimo hicho cha mezani, ningeirudisha mahali pake na kuendelea kuwinda kwingine kwa wiki nzima.

Sababu yake inafaa kuelezwa kikamilifu, kwa kuwa naikuta tena na tena. Relei za kawaida zinazouzwa kwenye vibao vya majaribio zimetengenezwa kukata umeme mkubwa, mara nyingi ampea 10, na miguso yake ni ya aloi ya fedha. Fedha ikikaa hewani hujenga utando mwembamba usiopitisha umeme vizuri. Relei inapokata mzigo mkubwa, cheche ndogo inayotokea huuchoma utando huo kila mara, kwa hiyo miguso hujisafisha ikiwa kazini. Hapa relei ilikuwa inafanya kazi nyepesi mno, kufunga mkondo wa miliampea chache tu wa kuiambia bodi ianze, na mkondo huo hauna nguvu ya kuuchoma utando wowote. Karatasi za maelezo za relei nyingi za aina hii hutaja mzigo wa chini kabisa unaoruhusiwa, na kwa nyingi ni miliampea 100 kwa volti 5. Watu husoma kiwango cha juu, cha chini hawakitazami. Nilipoipasua ile relei, uso wa miguso ulikuwa na weusi hafifu, kama kijiko cha fedha kilichosahauliwa kabatini. Kuusugua kwa msasa hurudisha mguso kwa siku kadhaa tu na huacha mikwaruzo inayoshika uchafu upesi zaidi. Dawa ni relei ya ishara yenye miguso iliyopakwa dhahabu, au optokapla ikiwa pembejeo ya bodi inaikubali na ukizingatia upande chanya na upande hasi. Niliweka ya dhahabu.

Iwapo ishara zote zimefika na bodi bado imekaa kimya, jambo la kwanza ninalolishuku kwenye mota za umeme wa moja kwa moja ni kinga ya kuanzia sifuri. Bodi nyingi za aina hii hukataa kuanza ikiwa ruhusa imefika wakati ishara ya kasi tayari iko juu, ili mashine isiruke kwa kasi kamili mtu anapoiwasha. Ni kinga nzuri, lakini mashine ikishageuzwa kuwa CNC huleta ugomvi wa muda. Kibadilishaji kinachogeuza mipigo ya PWM (mipigo ya umeme ambayo upana wake ndio unaobeba kasi) kuwa volti kina kapasita ya kulainisha, na baada ya M5 volti hizo hazianguki papo hapo. M3 ikija mapema, bodi inaona kasi iko juu ya sifuri na inakataa. Dalili yake hujitambulisha: spindeli haigomi kamwe asubuhi, hugoma pale tu ambapo M5 na M3 zimekaribiana, kwa mfano kwenye kazi inayobadili kasi kwa kuzima na kuwasha. Ongeza muda wa kusubiri katikati kwa sekunde chache, na kama kugoma kunakoma, umeshaipata.

Ikiwa umeme unafika hadi kwenye ncha za mota na mota haitikisiki, basi ni brashi au komuteta, yaani ile pete ya vipande vya shaba ambayo brashi huigusa. Hapa nina mtindo mmoja ninaoupenda kwa urahisi wake. Kila inapogoma, baada ya kuchomoa plagi, naweka alama ya kalamu kwenye nati ya koleti mkabala na alama isiyosogea kwenye mwili wa mashine. Alama za kugoma zikirundikana mahali pamoja, komuteta ina kipande kilichoungua au kilichokatika, na rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ikisimama hapo haiwezi kuondoka. Zikisambaa ovyo, natazama brashi: pengine zimekwisha, pengine zimekwama kwenye nyumba zake kwa vumbi la kaboni hata chemchemi haziwezi kuzisukuma. Mbinu hii inafaa kwa mota iliyofungwa moja kwa moja na spindeli. Penye mkanda, weka alama kwenye puli ya mota yenyewe.

Spindeli za awamu tatu zinazoendeshwa na inveta hazina brashi, na kwazo huanza na plagi ya kebo. Kebo hutembea na mhimili siku nzima, na sehemu iliyolehemiwa ndani ya plagi huchoka na kupasuka bila kuonekana kwa nje. Awamu moja ikikatika, spindeli hunguruma bila kuzunguka, au hujitikisa kidogo, na inveta hujizima kwa kudai mkondo umezidi, na mwenye mashine huanza kuilaumu inveta. Inveta ikiwa imetengwa na kapasita zimekwisha chaji, chomoa nyaya tatu za mota upande wa inveta, pima omu za jozi zote tatu, na endelea kupima huku msaidizi akiikunja kebo polepole kuanzia mwanzo hadi kwenye plagi. Jozi tatu zinatakiwa zilingane. Zikirukaruka jozi mbili, waya zinaoushiriki ndio mgonjwa. Kama zote ni thabiti, angalia muda wa kuongeza kasi uliowekwa kwenye inveta, kwa sababu kuitaka spindeli ifike mizunguko 24,000 kwa dakika ndani ya sekunde 1 au 2 huweza kuizima inveta siku za baridi, grisi ikiwa nzito, na kuiacha salama siku za joto.

Lipo pia kundi la mashine ambazo hazina ubovu wowote wa umeme. Kwenye GRBL, programu inayoendesha vidhibiti vya mashine nyingi ndogo, mpangilio wa $32 ukiwa 1 mashine iko katika hali ya leza, na katika hali hiyo ishara hutoka tu wakati mashine iko kwenye mwendo wa kukata wa G1, G2 au G3. Ikitolewa M3 huku mashine ikiwa bado kwenye G0 (mwendo wa haraka usiokata), spindeli hukaa kimya, na programu iliyoanza baada ya kazi iliyoishia na G1 huenda ikaiwasha vizuri, kwa hiyo mtu huona kitu kinachofanana kabisa na mguso mbovu. Na $30, ambayo ni kasi ya juu kabisa, inatakiwa ilingane na spindeli yenyewe. Ikiwa ni 24,000 na programu imeandika S1000 (kasi ya mizunguko 1,000), bodi inapokea kiasi cha volti 0.4 tu, kiwango kilicho mpakani mwa uwezo wa mota nyingi kujivuta. Ikiwa baridi itagoma, ikishapata joto itaanza.

Baada ya kutengeneza huja swali ambalo watu hulijibu haraka mno: ni majaribio mangapi yanatosha kusema imepona? Mashine iliyokuwa inagoma mara moja katika kumi inaweza kuanza mara 30 mfululizo bila kutengenezwa chochote, na uwezekano wake ni karibu 4 katika 100. Kwa majaribio 50 hushuka hadi karibu nusu katika 100. Nami huenda hadi 50, lakini kwa masharti yale yale yaliyokuwa yanaleta tatizo: iliyokuwa inagoma ikiwa baridi haijaribiwi mara 50 mchana mmoja ikiwa moto. Hiyo naiacha ilale, naiwasha asubuhi mara moja, naandika, narudia kesho yake.