Usiache Maziwa kwa Kuogopa Mawe ya Figo

Mgonjwa wa jiwe la figo hutambulika kabla hajasema neno. Hatulii. Anakaa, anasimama, anaegemea ukuta, anapiga magoti, anarudi kukaa. Mwenye kidole tumbo kilichopasuka hulala kimya kwa sababu kila akijitikisa anazidi kuumia. Wa jiwe hana mkao unaomfaa. Maumivu humjia kwa vipindi, yanapanda, yanapungua kidogo, kisha yanarudi na jasho na kutapika. Kina mama waliokwisha kujifungua wameniambia zaidi ya mara moja kwamba afadhali uchungu wa mtoto, maana ule una mwisho unaojulikana.

Jiwe likitulia ndani ya figo mara nyingi haliumi kabisa. Kasheshe huanza linapoingia kwenye mrija unaoshusha mkojo hadi kibofuni. Mrija huo una urefu wa sentimita 25 hadi 30, lakini upana wake wa ndani ni milimita 3 au 4 tu, na zipo sehemu tatu unapobana zaidi: unapotoka kwenye figo, unapovuka juu ya mishipa mikubwa ya damu ya nyonga, na unapoingia kwenye kibofu. Jiwe likinasa, mkojo hujaa nyuma yake, figo inatanuka, na kutanuka huko ndiko kunakomtoa mtu machozi.

Kadiri jiwe linavyoshuka, maumivu nayo yanahama: kutoka ubavuni chini ya mbavu za nyuma, yakazunguka mbele, yakashuka hadi kinenani. Kwa mwanamume huingia kwenye korodani ya upande huohuo. Hapo ndipo kwetu Mombasa mtu huambiwa ana ngiri, akapelekwa kukandwa. Mwanamke ataambiwa ni chango. Na jiwe likikaribia kibofu, mtu hutaka kukojoa kila baada ya dakika chache na yanatoka matone tu, basi anapewa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, bila hata mkojo kupimwa.

Mkojo unaweza kuwa mwekundu au wa rangi ya chai, ingawa kuna wakati damu huonekana kwa darubini tu. Anayetoka sehemu za Kwale au Tana River, ambako kichocho kipo, lazima apimwe yote mawili, mayai ya kichocho na jiwe, maana vyote viwili hutoa damu. Upande wa pili, mgongo unaouma ukiinama au ukinyanyua ndoo, na ukatulia ukilala, kwa kawaida ni misuli. Wengi wanaoniambia "daktari, figo zinaniuma" figo zao ni nzima kabisa.

Sasa jiwe linatoka wapi? Si kwenye mchele usiochambuliwa vizuri. Changarawe unayoimeza hupita tumboni na kutoka chooni. Haina njia ya kufika kwenye figo. Jiwe hujengwa na vitu vilivyoyeyuka ndani ya mkojo wenyewe: kalsiamu, oksaleti, fosfeti, asidi ya yuriki. Mkojo ukiwa mwingi, hubaki vimeyeyuka. Ukiwa kidogo na mzito, huanza kuganda kama maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni jua linapoyakausha. Punje moja ikishika kwenye ukuta wa figo, nyingine hujishikiza juu yake, kwa miezi na miaka.

Kwa hiyo joto ni adui mkubwa. Katika fani yetu tunazungumzia "mkanda wa mawe", maeneo ya joto ambako ugonjwa huu umeshamiri, na nchi za Ghuba zimo. Vijana wetu wanaokwenda Saudia, Qatar na Oman wanaingia moja kwa moja ndani ya mkanda huo, tena kwenye kazi za ujenzi na ulinzi. Kuna anayejinyima maji ili asiombe ruhusa ya kwenda chooni. Hapa nyumbani wenzake ni dereva wa lori la kwenda Malaba, mwendesha boda, mpishi anayeshinda mbele ya jiko. Ongeza na urithi: aliyezaliwa na mzazi mwenye mawe ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuyapata.

Karibu mawe manne kati ya matano yana kalsiamu, hasa iliyoungana na oksaleti. Watu wakisikia kalsiamu wanakimbia maziwa. Hata baadhi ya wahudumu wa afya bado wanawaambia wagonjwa wayaache. Ushauri huo una madhara. Mwaka 2002 madaktari wa Parma, Italia, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 5 wanaume 120 waliokuwa wakipata mawe mara kwa mara na ambao mkojo wao ulikuwa na kalsiamu nyingi. Nusu yao waliambiwa wapunguze kalsiamu. Nusu nyingine waliendelea nayo kama kawaida, wakapunguza chumvi na nyama. Waliopunguza kalsiamu, 23 kati ya 60 walipata mawe tena. Kundi la pili, 12 tu.

Sababu iko tumboni. Oksaleti imo kwenye mchicha, karanga, korosho, viazi vitamu na majani ya chai. Ikikutana na kalsiamu kwenye utumbo hushikana nayo, na vyote hutoka na choo. Isipokutana nayo, hufyonzwa kwenye damu na kuishia kwenye mkojo. Ndiyo maana napendelea chai ya maziwa kuliko ya rangi, na mchicha uliochemshwa maji yakamwagwa, ukaliwa pamoja na mtindi au dagaa wa kutafunwa na mifupa yake. Vidonge vya kalsiamu vinavyomezwa tumbo likiwa tupu ni habari nyingine. Hivyo vinaweza kuongeza hatari. Vivyo hivyo vidonge vya vitamini C vya miligramu 1,000 anavyomeza mtu kila siku kwa kuogopa mafua.

Chumvi ndiyo ya kuogopwa. Figo ikitoa sodiamu nyingi, ile iliyomo kwenye chumvi, kalsiamu huifuata kwenye mkojo. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na iliyo ndani ya papa mkavu, ng'onda, achari, krispi na vile vipande vya kuungia mchuzi.

Mawe ya asidi ya yuriki yana tabia zake. Huwapata zaidi wenye jongo, kisukari na unene, na nyama nyingi huyachochea, maini yakiwemo. Hayaonekani kwenye eksirei ya kawaida. Lakini ndiyo pekee ambayo mara nyingi huyeyuka kwa dawa, ile inayopunguza uasidi wa mkojo. Jiwe la kalsiamu haliyeyuki kwa dawa ya chupa wala kwa maji ya ndevu za mahindi. Jiwe dogo, chini ya milimita 5, kwa kawaida hutoka lenyewe, na chupa ndiyo inayosifiwa. La zaidi ya milimita 10 ni nadra kutoka bila msaada.

Msaada wenyewe siku hizi si lazima uwe wa kupasuliwa. Tangu mwaka 1980, kazi ilipoanzia mjini Munich, Ujerumani, mawe yanavunjwa kwa mawimbi ya mshtuko kutoka nje ya mwili. Kuna pia leza inayopitishwa kwenye njia ya mkojo, na kwa mawe makubwa, tundu dogo mgongoni. Kujua ukubwa na mahali lilipo, picha ya CT ndiyo bora. Kwa mjamzito tunatumia utrasaundi.

Jiwe lenyewe si la kuua mtu upesi. Kinachoua ni usaha uliofungiwa nyuma yake. Maumivu ya ubavu yakija na homa au kutetemeka kwa baridi, usingoje asubuhi. Figo hiyo inahitaji kufunguliwa njia haraka, kwa mpira unaowekwa kwenye mrija au kupitia mgongoni. Antibayotiki peke yake haitoshi. Nenda vilevile kama hupati mkojo kabisa, una figo moja, una mimba, au unatapika kila unachokunywa. Na usijilazimishe kunywa madumu ya maji wakati wa maumivu ukidhani utalisukuma. Hakuna ushahidi kwamba inasaidia. Diklofenaki hutuliza vizuri, ila si kwa mwenye figo dhaifu, vidonda vya tumbo au mimba. Maumivu yakiisha, rudi upigwe picha tena. Jiwe linaweza kubaki limeziba kimyakimya, na figo ikaharibika bila kuuma.

Maji ya kuzuia mawe yanapimwa kwa kinachotoka. Lengo ni lita 2 hadi 2.5 za mkojo kwa siku, wa rangi ya kukaribia maji. Kwenye joto letu hiyo ni kunywa lita 3 au zaidi (mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kwanza). Maji ya ndimu bila sukari ni mazuri kwa sababu yana sitreti, inayozuia kalsiamu kuganda. Soda si mbadala. Katika Ramadhani, yagawe tangu futari hadi daku, usiyabugie yote mwishoni. Na kama umepata jiwe miezi ya karibuni, zungumza na daktari wako kabla ya mwezi kuandama.

Aliyepata jiwe mara moja yuko karibu na nusu kwa nusu kupata jingine ndani ya miaka 10, na namna ya kulizuia inategemea aina yake. Basi ukiwa unasubiri litoke, kojolea kwenye chujio la chai ulilolitenga kwa kazi hiyo. Ukilipata, hata likiwa dogo kama punje ya mchanga, lisuuze, liache likauke, litie kwenye kichupa kisafi na uje nalo kliniki likapimwe.