Mashua huozea nchi kavu

Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, likishavuma sawasawa, kuanzia Mei hivi, vyombo vingi vidogo vya mwambao hupandishwa juu. Bahari ya nje haikaliki, na mwenye mashua ya futi ishirini hana sababu ya kuhatarisha roho za watu kwa ndoo mbili za changu. Basi mashua inakokotwa hadi penye mivinje, inafungwa kamba, na wenyewe tunarudi nyumbani tukiambiana: "Ikishakuwa juu, imepona."

Hiyo ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Baharini mbao zimelowa maji ya chumvi, na chumvi huizuia kuvu inayoozesha mti. Huku juu mashua inapokea mvua za masika, maji matamu yanayotuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, wiki baada ya wiki bila mtu wa kuyateka. Kuvu inataka unyevu na hewa tu, na hapo imevipata vyote.

Mwaka mmoja tuliiacha mashua ya ami yangu hivyo tangu Mei hadi mwisho wa Agosti. Tulipoondoa turubai tulipokewa na harufu ya uyoga. Ami alichomeka kisu kwenye ubao karibu na tezi, yaani nyuma ya chombo, pale maji yalipolala, kikazama hadi mpinini bila hata kusikika. Alipokichomoa kilitoka na unga wa kahawia. Kwa nje ubao uleule ulikuwa na rangi yake nzuri, huwezi kuudhania. Akakaa mchangani, hakusema neno kwa muda mrefu. Tulibadilisha mbao nne na mataruma mawili, yaani mbavu za chombo.

Watu husema mvua kidogo haina neno. Chukua mashua ya urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.5. Mvua ya milimita 10 ikiingia yote ni lita 90, yaani kilo 90. Siku ya masika yenye milimita 50 inakuwa lita 450, na uzito huo wote umekalia magogo mawili uliyoyaweka haraka haraka jioni. Ndiyo maana omo, yaani mbele ya chombo, liwe juu kuliko tezi, ili maji yakusanyike mahali pamoja yatekwe. Kama chombo kina kizibo, kitoe, kisha kifunge kwa uzi pale utakapokiona siku ya kushua.

"Nimeifunika turubai, imefungwa kila upande." Turubai iliyobana hivyo ni jiko la mvuke. Mchana jua linapasha unyevu uliomo ndani, usiku unageuka matone na kuzirudia mbao. Inyanyue kwa miti, iwe na mgongo wa kumwaga maji, na omo na tezi ziachwe wazi upepo upite. Kwangu mimi banda la makuti linashinda kila turubai: lina kivuli, linamwaga mvua na linapumua. Ila usiende kuliweka chini ya mnazi wenye matunda, nazi moja inatosha kupasua ubao.

Wapo wanaokimbilia upande wa pili: waiache juani ikauke kabisa, mti mkavu ndio imara. Mti wa nyumba, sawa. Mbao za mashua zimezoea maji, na zikikaushwa na jua la miezi mitatu husinyaa, nafasi kati ya ubao na ubao zinafunguka, kalafati, zile pamba za kuziba nafasi hizo, inalegea na kuning'inia kama pamba ya godoro bovu. Wazee walikuwa wakimwaga ndoo za maji ya bahari juu ya mbao nyakati za jioni, na vijana wakiwaona kama wanaopoteza nguvu zao bure. Walijua wanachofanya. Yale maji yanaufanya mti usisinyae, na chumvi yake inabaki mtini.

Deheni nayo imebebeshwa kazi isiyo yake. Ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta hupakwa nje, chini ya mstari wa maji, kupambana na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Kuoza kwa nchi kavu kunaanzia ndani, ambako deheni haifiki. Ndani na juu mbao zinataka sifa, yaani mafuta ya samaki, na zipakwe zikiwa kavu, kwa sababu ukipaka mafuta au rangi juu ya ubao uliolowa umeufungia unyevu. Usidanganyike pia kwamba mtoboa mbao anakufa siku unapopandisha chombo. Anaweza kuziba mlango wake na kuishi siku nyingi bila bahari. Moto wa makuti chini ya mbavu za chombo, kama tulivyorithi, bado una kazi. Kuhusu mchwa ni neno moja tu: mkuku, ule mti wa uti wa chini wa chombo, usiguse mchanga.

Wenye boti za faiba hujiona wako salama, kwa sababu "faiba haiozi." Kweli, faiba haiozi. Lakini katika boti nyingi, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine una mbao ndani yake, na maji hupenya kwenye matundu ya boliti. Gonga kwa mpini wa nyundo: panapotoa sauti butu, isiyolia, pana mashaka. Jua nalo linachuja uso wa faiba mpaka unaacha unga mweupe mkononi, na magogo yasiyolingana yanaweza kulipinda umbo.

Mashine ndiyo inayoyageuza mambo. Maji matamu yanayoua mbao ndiyo dawa yake. Iendeshe kwa maji ya kisima hadi chumvi itoke kwenye njia zake zote, kisha kata petroli, iache ijizime yenyewe. Petroli yenye oili ikibaki kwenye kabureta, petroli inapotea hewani na oili inaganda kwenye vitundu vyake. Fungua oili ya gia: ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia, tengeneza sasa. Isimamishe wima, usiilaze.

Na pale pa kuegesha, usipime kwa mstari wa mwani wa jana. Huku kwetu maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanaweza kupanda karibu mita 4 kutoka kupwa hadi kujaa, na wimbi la kusi linasukuma zaidi. Subiri bamvua, ona lilipofikia, kisha panda tena juu ya hapo.

Kusi likishalegea, usishue mashua na kutweka tanga siku hiyohiyo. Iache kwenye maji mafupi ikiwa imefungwa, bahari ijae na kupwa mara mbili au tatu. Itaingiza maji, nawe utateka. Mbao zinafura polepole, na asubuhi moja utainama ukute ngama imebaki na unyevu tu.