Wilson Airways: ndege za mbao zilizoishi kwa barua

Kazi yangu ni kupanga mizigo ya ndege ndogo hapa uwanja wa Kisauni, Unguja, ndiyo maana historia ya shirika lolote la ndege naianzia kwenye mizani. Wengi wetu Unguja tunaujua uwanja wa Wilson, Nairobi. Kwamba jina hilo ni la mjane aliyeanzisha shirika lililotuletea barua kwa ndege, hilo halisemwi sana, nami naona si haki.

Florence Kerr Wilson alilianzisha mwaka 1929, pamoja na rubani Tom Campbell Black, yuleyule aliyeshinda mashindano ya London hadi Melbourne mwaka 1934. Walianza na Gipsy Moth, kindege cha watu wawili.

Nafasi yao ilitokana na ramani. Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, walipofungua njia ya kwenda Cape Town mwaka 1932, ndege zao kutoka Nairobi zilipita bara: Moshi, Dodoma, Mbeya, hadi kusini. Pwani ikaachwa kando. Mfanyabiashara wa karafuu aliyengoja jibu kutoka London, barua yake ilifika Nairobi kwa ndege, kisha ikabaki na safari ya treni na meli. Wilson wakaliziba pengo hilo kwa njia ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam.

Sasa tuje kwenye uzito. Miongoni mwa ndege zao ilikuwamo Dragon Rapide: injini mbili, mabawa mawili juu na chini, umbo la mbao lililovikwa kitambaa. Ikijaa kabisa ilikuwa na tani 2.5 hivi, na zaidi ya nusu ya uzito huo ni ndege yenyewe. Ukijaza matangi na kumweka rubani, zinabaki kama kilo 700. Ndege za Caravan tunazopakia leo hapa uwanjani, zikijaa kabisa, huruka na uzito wote wa karibu tani 4.

Kwa nafasi finyu hivyo, barua ni mzigo bora kuliko mtu. Abiria wa kilo 75 hulipa nauli moja, na begi lake linataka pahala. Barua ya gramu 14 hulipiwa stempu yake peke yake, na kilo moja hubeba barua 70. Mfuko wa kilo 20 ni barua 1,400! Tena mfuko haulalamiki ukiusogeza mbele kwa sababu ndege imelemea mkiani, na ratiba ya posta haingoji msimu wa wageni. Kwa maoni yangu shirika lile lilisimama kwa mkataba wa posta. Abiria walikuwa nyongeza.

Mwaka 1937 Imperial walileta ndege za kutua majini, zikapita Mombasa, Dar es Salaam na Lindi hadi Durban. Njia kuu ikawa imehamia pwani. Lakini kilichowamaliza Wilson ni vita: mwaka 1939 ndege na marubani wao walichukuliwa kwa kazi za kijeshi, na shirika halikurudi tena.

East African Airways ilipoanza mwaka 1946, Zanzibar ikiwa mmoja wa wabia wanne, ilianza na ndege sita. Zote zilikuwa Dragon Rapide. Kwa hiyo anayesema usafiri wa anga wa visiwa hivi ulianza na East African Airways, simkubalii: ilipita njia iliyokwisha kufunguliwa na Wilson, kwa ndege za aina ileile.