Usafi wa Moyo na Vichwa vya Dhambi: Kitabu cha Mfalme cha Mwaka 1279

Katika kazi yangu ya kuchunguza vitabu vya kale vya ibada, hakuna ninachokirudia mara nyingi kama Somme le Roi, kitabu cha kuwafundisha walei kuhusu vilema na fadhila, ambacho Ndugu Laurent, mtawa wa shirika la Wadominiko aliyekuwa padre muungamishi wa Mfalme Philippe III wa Ufaransa, alikikamilisha mwaka 1279 kwa agizo la mfalme huyo. Wengi hukipenda kwa michoro yake. Mimi nakipenda zaidi kwa namna kinavyozungumza na mlei kuhusu usafi wa moyo.

Ili kukielewa, yafaa kuanzia mwaka 1215, Mtaguso wa Nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulipoagiza kila Mkristo aliyefikia umri wa kutumia akili aungame dhambi zake angalau mara moja kwa mwaka. Mtu asiyejua Kilatini angejichunguzaje, na angeziita kwa majina gani dhambi ambazo hakuwahi kufundishwa kuzitofautisha? Laurent aliandika kwa Kifaransa, ingawa mengi ya mafundisho yake yanatokana na utungo wa Kilatini wa Mdominiko aliyemtangulia, Guillaume Peyraut wa Lyon, kuhusu vilema na fadhila. Vilema vikuu saba anavifananisha na vichwa saba vya yule mnyama atokaye baharini katika kitabu cha Ufunuo, na sisi tuliozoea kuviita vilema hivyo “vichwa vya dhambi” hatuhitaji kufafanuliwa mfano huo.

Uzinifu anaupangia ngazi: hutangulia kutazama kwa upumbavu, yakafuata maneno, kisha kugusana, kisha mabusu, na mwisho tendo lenyewe. Sioni hapa chuki dhidi ya mwili; namwona mwalimu anayemwonyesha muungamaji kwamba alikuwa na nafasi ya kusimama mapema, kabla mambo hayajamshinda. Ninapokwazwa ni pale anapowageukia wanawake wanaojipamba ili watazamwe, akiwatwika hesabu ya wanaume wanaoanguka kwa ajili yao, ilhali kwa mpangilio wake mwenyewe ngazi huanzia katika jicho la mtazamaji.

Sehemu ya usafi wa moyo ndiyo iliyonishika. Tukisikia fadhila hii leo, wengi wetu hufikiria useja wa mapadre na watawa, lakini Laurent anahesabu hali saba za watu wanaopaswa kuitunza: wenye ndoa wamo, wajane wamo, hata waliokwisha kuanguka na kutubu wana mahali pao, nao mapadre na watawa wanakuja mwishoni mwa orodha. Vilevile anataja mambo yanayoilinda, na mengi si makubwa: dhamiri safi, kinywa safi, kuzilinda hisi tano, kujinyima, kukwepa mazingira ya dhambi, kuwa na kazi halali ya kufanya, na sala.

Nakala zilizopambwa vizuri hufundisha jambo hilohilo kwa macho. Juu ya ukurasa husimama Usafi na Uzinifu katika sura ya wanawake wawili. Chini yao, upande mmoja Yudithi, yule mjane wa Biblia, anamkata kichwa Holoferne, jemadari wa adui, na upande wa pili Yusufu anamkimbia mke wa Potifa. Mjane na kijana aliyeuzwa utumwani ndio waliochaguliwa kuwa mifano, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtawa.

Kitabu hakikubaki katika jumba la mfalme. Mmonaki Michel wa Northgate, wa abasia ya Mtakatifu Augustino huko Canterbury, alikitafsiri kwa Kiingereza cha Kent na kumaliza tarehe 27 Oktoba 1340, akisema wazi kwamba anawaandikia watu wasio na elimu, baba, mama na jamaa, wapate kujilinda na dhambi. Nakala aliyoiandika kwa mkono wake ingalipo katika Maktaba ya Uingereza, London. Aliiita Ayenbite of Inwyt. Sisi tungesema “kusutwa na dhamiri”, ila katika Kiingereza chake dhamiri haisuti, bali inang'ata, na kiambishi cha mwanzo, ayen-, kinadokeza kwamba inarudi kung'ata tena.