Mkondo wa tope chini ya bahari, na kwa nini bomba zito huweza kuelea

Mkondo wa tope ni maji ya bahari yaliyobeba mchanga na udongo hadi yakawa mazito kuliko maji yanayoyazunguka, yakateremka kufuata mteremko wa sakafu ya bahari. Upepo haumo, kupwa na kujaa hakuusukumi: unakwenda kwa uzito wake, na ukizoa mashapo zaidi njiani unaongeza kasi.

Januari 2020, wiki kadhaa baada ya mto Kongo kufurika, mkondo wa namna hii ulitoka mdomoni mwa mto ukashuka kwenye korongo la chini ya bahari kwa zaidi ya kilomita 1,100. Kasi ilipanda kutoka mita 5 hadi 8 kwa sekunde. Tarehe 16 kebo za mawasiliano za chini ya bahari, SAT-3 na WACS, zikakatika, intaneti ikadorora hadi Afrika Kusini.

Bomba la mafuta au gesi lililolazwa sakafuni mwa bahari nalo? Chukua lenye kipenyo cha sentimita 50, limelala kukingama njia ya mkondo wenye kilo 1,100 kwa mita ya ujazo. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, kila mita ya bomba husukumwa kwa nyutoni 275 hivi. Kwa mita 5 ni karibu nyutoni 6,900, sawa na uzito wa kilo 700, maana kani hupanda kwa mraba wa kasi.

Hesabu nyingi za haraka huishia hapo, na hapo ndipo zinapokosea. Bomba hilo huchukua nafasi ya lita 196 kila mita. Maji ya kawaida ya bahari huliinua kwa kilo 201. Tope zito la chini kabisa, lenye kilo 1,300 kwa mita ya ujazo, huliinua kwa kilo 255. Kama, baada ya kuinuliwa na maji ya kawaida, lilikuwa limekaa sakafuni kwa uzito uliobaki wa kilo 50 tu kwa mita, sasa linaelea. Msuguano uliolishikilia umekwisha wakati ule ule linaposukumwa.

Mikondo midogo hudhuru polepole: huchimba mchanga chini ya bomba, kipande kikabaki kinaning'inia, maji yanayozunguka nyuma yake yakakitikisa mpaka viungo vya kulehemu vikapata nyufa.

Koti la zege huongeza uzito, ila hunenepesha bomba, na bomba nene husukumwa zaidi. Kulifukia kwenye mtaro wa kina cha mita moja au mbili hakutoshi ndani ya korongo, kwa kuwa mkondo mkubwa huweza kukwangua sakafu zaidi ya hapo. Heri kulikwepa korongo kabisa. Isipowezekana, kutoboa na kupitisha bomba chini sana ya sakafu yake. Penye mteremko wazi, lilazwe kufuata mwelekeo wa mkondo, lisiukingame.