Giaboksi Haijafa: Dhana Potofu Kuhusu Mashine ya Majani Inayojiendesha

Mvua za vuli zikishapiga wiki mbili hivi, Bajaji huanza kusimama nje ya geti langu hapa Kunduchi, Dar es Salaam. Ndani mna mashine ya kukatia majani, mpini umekunjwa, imepakiwa kwenye kiti cha abiria, na kijana wa bustani ameikumbatia isidondoke. Kabla sijaigusa nishaambiwa ugonjwa wake. Giaboksi imekufa. Injini imekwisha. Govana, kile kinachodhibiti mwendo wa injini, imeharibika. Mara nyingi aliyetoa hukumu ni fundi wa pikipiki wa mtaani kwao. Nampa heshima zake, ila mashine hizi zina tabia zao.

"Haitembei, basi giaboksi imekufa"

Hii ndiyo naisikia kuliko zote, na ndiyo inayowatia watu hasara kubwa.

Mashine inayojiendesha ni kama mashine mbili ndani ya bodi moja. Kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye krenki ya injini, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kwa chini. Injini ikizunguka, kisu kinazunguka. Kutembea ni habari nyingine. Juu ya kisu kuna puli inayovuta mkanda, mkanda unazungusha giaboksi ndogo iliyo kwenye ekseli, na kila mwisho wa ekseli kuna gia ndogo inayoshika meno yaliyo ndani ya gurudumu. Kinachoamuru mzigo ushike au uachie ni waya mmoja kutoka kwenye mkono wa mpini, mfano wa waya wa klachi ya pikipiki. Kwa hiyo ikiwa inakata vizuri lakini haiondoki, injini haina kosa lolote. Na giaboksi ni mshukiwa wa mwisho.

Mama mmoja wa Mbezi Beach alikuja mwenyewe, mkononi ana karatasi ya bei ya giaboksi aliyoandikiwa Kariakoo.

"Fundi, nimeambiwa dawa yake ni hii. Niende nikanunue kabisa?"

"Kaa kwanza, mama yangu. Tuiangalie."

Injini ikiwa imezimwa, nikabana mkono wa kuendeshea, halafu nikaivuta mashine kinyumenyume. Kwenye mashine nyingi, ukifanya hivyo magurudumu yanayoendeshwa yanatakiwa yakaze. Yake yalizunguka bure kama ya kigari cha mtoto. Nikaufuata waya kwa vidole toka juu hadi chini. Ganda lake limepauka, kwenye mdomo wa ganda kuna kutu, na ukibana mkono waya unatembea sentimita kadhaa ndipo unaanza kuvuta kitu. Karibu na mpini kuna nati ya kurekebishia. Nikaizungusha mizunguko mitatu, nikadondoshea oili nyepesi ndani ya ganda, nikaivuta tena. Magurudumu yakakaza. Nilipoiwasha iliondoka yenyewe kuelekea banda la kuku. Mama akacheka, kisha akaitazama ile karatasi ya bei na kicheko kikaisha.

Waya hurefuka kwa kutumika, hilo la kawaida. Huku pwani kuna la ziada, upepo wa chumvi. Mashine za Masaki na Kigamboni zinakula waya kuliko za Kimara, mbali na bahari, na nati ikishafika mwisho hakuna ujanja tena, unanunua waya mpya.

Waya ukiwa mzima, ndipo unakuja kwenye mkanda. Chomoa waya wa plagi kwanza, kila mara, hata kama ni jambo la dakika moja. Fungua kifuniko cha mkanda. Mara nyingi utakuta majani makavu yameshindiliwa humo kama godoro la sufi. Mkanda uliong'aa ubavuni kama kioo, au wenye nyufa, unateleza: kwenye sakafu ya saruji mashine itatembea, ikiingia kwenye majani marefu inasimama. Usifunge mkanda wowote unaolingana kwa macho. Urefu na upana wake vimepimwa, na tofauti ndogo tu inafanya mashine itembee hata ukiwa umeachia mkono.

Cha tatu ni magurudumu. Ukisikia kra-kra-kra huku mashine inasitasita, vua gurudumu utazame meno ya ndani. Ni ya plastiki, na mchanga wetu hauyaonei huruma.

Ukiona waya unavuta, mkanda unazungusha puli ya giaboksi, na ekseli haizunguki, hapo sasa tuzungumze giaboksi.

Kuna na malalamiko ambayo si ugonjwa kabisa. Mashine inayovuta kwa magurudumu ya mbele, mfuko wa majani ukijaa, uzito wote unakaa nyuma na ya mbele yanateleza. Mwaga mfuko.

"Imegoma kurudi nyuma, imejifunga"

Sukuma mbele kidogo, kama upana wa kiganja, ukiwa umeachia mkono wa kuendeshea. Kisha vuta. Gia za magurudumu zina vidole vinavyoshika upande mmoja tu, na mara nyingine hubaki vimeshika baada ya mashine kusimama. Kusogea mbele kunaviachia. Nimeona mtu mzima amebururuza mashine hivyo hivyo bustani nzima, matairi yamekwisha upande mmoja.

"Paka grisi ya kutosha kwenye meno"

Kwa mchanga wa Dar, grisi kwenye meno yaliyo wazi inageuka msasa. Kila chembe inayopita inanasa, na gurudumu linasaga meno yake lenyewe. Mimi nasafisha kwa brashi kavu. Grisi naiweka pale tu mwongozo wa mashine unapotaja, mara nyingi kwenye bushi za ekseli, na kwa ncha ya kidole.

Ukizifungua zile gia ndogo, angalia ya kushoto irudi kushoto. Nyingi zimeandikwa L (kushoto) na R (kulia) kwa sababu vidole vyake vinashika upande tofauti. Nililetewa mashine ambayo fundi aliyetangulia alizibadilishana: ilikuwa nzima kila kitu, inaunguruma vizuri, na haiendi popote. Tulihangaika nayo karibu saa nzima mpaka nilipoyaona maandishi chini ya uchafu.

"Changanya na oili kidogo, injini itadumu"

Hii imetoka kwenye mashine za kufyekea, zile za kuning'iniza begani. Nyingi ya hizo ni za mipigo miwili, hazina oili yake pembeni, kwa hiyo petroli yake lazima ichanganywe na oili maalumu, sehemu 25 hadi 50 za petroli kwa moja ya oili, kufuatana na mtengenezaji. Mashine za kusukuma za siku hizi karibu zote ni za mipigo minne. Oili yake inakaa chini kwenye injini, na petroli inaingia tupu. Ukiipa mchanganyiko haifi siku hiyo hiyo. Inatoa moshi, plagi inajaa masizi, inaanza kuwa ngumu kuwaka. Kosa la upande wa pili ndilo baya: petroli tupu kwenye mashine ya begani, na pistoni inang'ang'ania silinda ndani ya muda mfupi. Nyumba yenye mashine zote mbili iwe na madumu mawili ya rangi tofauti. Kijana wa bustani hana kosa kama dumu ni moja.

"Niliiweka ikiwa nzima"

Ni kweli uliiweka nzima. Tatizo ni kwamba uliiweka na petroli ndani. Mvua za masika zikikatika, toka Juni majani yanadumaa, mashine inasogezwa stoo nyuma ya magunia ya mkaa, na haiguswi hadi vuli. Kuna wanaoamini petroli haiharibiki. Inaharibika. Sehemu zake nyepesi zinapaa, kinachobaki kinakuwa kama gundi ya rangi ya chai, na kinakaa kwenye bakuli la kabureta, pale petroli inapochanganyika na hewa, na ndani ya jeti, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia petroli. Watengenezaji wengi wanahesabu siku 30 tu kwa petroli isiyotiwa dawa ya kuitunza.

Ukifungua kabureta ya mashine kama hiyo harufu inakupa jibu kabla ya macho. Si ya petroli tena, ni kama vanishi ya zamani.

Mashine ikiwaka kwa shida, halafu resi ikawa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama mtu anayepiga kwikwi, watu wanailaumu govana. Govana inajitahidi tu. Injini inakosa mafuta, resi inashuka, govana inafungua zaidi, resi inaruka, inafunga. Chanzo kwa kawaida ni jeti iliyoziba. Sasa hapo ndipo naomba mafundi wenzangu waache waya wa spoku. Tundu la jeti ni jembamba kuliko sindano ya cherehani na jeti ni ya shaba nyeupe au ya njano, laini. Ukiitanua hata kidogo, mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Dawa ya kusafishia kabureta, upepo wa kompresa, na uzi mmoja wa waya wa umeme, basi.

Ile inayowaka vizuri na kuzima baada ya dakika kumi, jaribu kulegeza kifuniko cha tangi. Ikiendelea kunguruma, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Wengine wameshabadilisha koili ya moto wa plagi kwa ajili hiyo.

Kabla ya kuipumzisha miezi, funga mafuta au nyonya tangi, iwashe ijizimie yenyewe.

"Oili ikizidi haidhuru"

Inadhuru. Injini nyingi za ukubwa huu zinataka kama nusu lita na kidogo. Ukimwaga chupa yote ya lita, ziada inapanda hadi kwenye chujio la hewa na bustani nzima inafukuta moshi mweupe. Pima kwa stiki, mashine ikiwa sehemu tambarare. Kuhusu aina: SAE 30 inakaa vizuri kwenye joto letu. Briggs & Stratton, watengenezaji wa injini, wanatahadharisha kuwa 10W-30 ikitumika juu ya nyuzi 27 injini inaweza kula oili zaidi, na mchana wa Dar uko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Si mwiko, ila chungulia stiki mara kwa mara.

Moshi mweupe huja pia kwa kuilaza vibaya. Unapotaka kutazama chini, upande wa kabureta na chujio la hewa uwe juu, la sivyo oili itamiminika humo. Ndiyo maana safari ile ya Bajaji mara nyingine inaongeza ugonjwa ambao haukuwepo nyumbani.

"Kisu kiwe kikali kama wembe"

Makali ya wembe yanapinda kwenye kijiti cha kwanza. Kisu cha mashine kinakata kwa mwendo wake. Makali ya kisu cha kupakia siagi yanatosha. Cha muhimu zaidi ni mizani. Baada ya kunoa, kitundike kwenye msumari ukutani kwa tundu lake la katikati. Upande unaozama ni mzito, rudi na tupa upunguze hapo. Kisu kisicho na mizani kinatikisa mashine mpaka nati zinajifungua. Na ukikirudisha, ncha zilizopindwa zitazame juu, ndani ya bodi. Kikiwa kichwa chini kitapigapiga majani bila kukata, na utalaumu mnoaji.

Kisu kikigonga kisiki, tatizo linaweza kuwa mbali kabisa na kisu. Kijana mmoja wa Goba aligonga kisiki cha mwembe kilichofichwa na ukoka. Mashine ikazima pa! Tangu hapo kila akivuta kamba inamrudishia kwa nguvu, karibu imng'oe vidole. Kabureta ilishafunguliwa mara mbili nilipoipata. Nilivua flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya krenki, nikakuta kii, kile kipande kidogo kinachoipanga flaiwili na krenki, kimekatika nusu na kuhama kama milimita mbili. Milimita hizo mbili zinatosha kuufanya moto wa plagi uje wakati usio wake. Kwenye injini nyingi kii ni ya madini laini kwa makusudi, ikatike yenyewe ili krenki ipone. Wapo wanaochonga nyingine kwa msumari wa inchi nne, na inashika kweli. Kisiki kinachofuata kinaivunja krenki.

"Ule mkono unachosha, ufunge na mpira"

Ule mkono wa pili, unaoushika muda wote mashine isizime, wengi wanauona usumbufu tu, wanaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Marekani, kwa mashine zilizotengenezwa baada ya Juni 30, 1982, kanuni inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 baada ya kuuachia. Sasa fikiria mashine inayotembea yenyewe, mkono umefungwa, kijana ameteleza kwenye majani yaliyolowa. Inaendelea na safari, na kisu kinaendelea na kazi.

Mashine ikifika kwangu na ukanda huo, naukata kabla ya kuuliza inaumwa nini. Vipande viko kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na wenyewe wakija kuchukua mashine hakuna anayeviulizia.